Mwalimu Breki na Usingizi wa Ndege

Kabla ya safari ile, shemeji yangu hakuwahi kusinzia ndani ya gari linaloendeshwa na mtu mwingine. Watu walimsifu kwa hilo. Mimi nilisema, na bado nasema, ule haukuwa umakini, ulikuwa ugonjwa. Akipanda basi anakaa nyuma ya dereva, anambadilishia gia kwa mdomo, na mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu kila basi linapokaribia kitu chochote, kuanzia lori mpaka kipepeo. Dada yangu, ambaye ndiye mke wake, alishaacha zamani kukaa naye kiti kimoja.

Kazi yake ni mwalimu wa udereva, na mji mzima unamwita Mwalimu Breki, awepo asiwepo. Gari la chuo chao lina pedali za ziada upande wa mwalimu, breki na klachi, ili amwokoe mwanafunzi akizidiwa. Walimu wengine huzisahau mpaka hatari itokee. Yeye alikuwa akiishi juu yake. Ukijifunza kwake unaona gari linapunguza mwendo kwenye tuta, linasimama vizuri penye taa, linawapisha wazee wavuke, nawe unaanza kujivuna kwamba sasa umeiva. Kumbe wapi, ni mguu wa mzee.

Mimi nilijivuna mara mbili. Nilipokwenda kufanya mtihani mara ya kwanza, mtahini alikaa upande ule, mikono mapajani, akaniambia niegeshe kinyumenyume katikati ya mapipa. Nikarudi nyuma kwa raha zangu, nikisubiri gari lisimame lenyewe kama lilivyozoea. Kusimama lilisimama, lakini kwa msaada wa pipa. Mara ya pili niligonga pipa lilelile, na mtahini akashuka akarudi ofisini kwa miguu bila hata kuniaga.

Nacheka sasa. Wakati ule sikuwa na cha kuchekea. Mimi ni mwoka keki, na watu huniita Mama Keki. Naoka keki za harusi, za kuzaliwa, za kustaafu, na kuna bwana mmoja huagiza za kumwomba mkewe msamaha, huyo ndiye mteja wangu wa kudumu. Kuoka najua. Shida ilikuwa kufikisha. Nilikuwa nazipeleka kwa pikipiki, nimezipakata kama mtoto mwenye homa, na kuna keki ya ghorofa tatu iliwahi kufika harusini ikiwa na ghorofa mbili na kipande. Bibi harusi alilia, na hayakuwa machozi ya furaha.

Na gari nilikuwa nalo. Marehemu mume wangu aliniachia gari la familia lenye nafasi kubwa nyuma, ungedhani lilitengenezwa kwa ajili ya keki. Tangu msiba lilikaa tu uani, kuku wakalihamia, na kwa kweli mayai ya kiti cha nyuma yameingia kwenye keki nyingi za heshima hapa mjini. Kaka mkubwa wa marehemu, mtu wa suti na wa kukohoa kabla ya kusema, akaitisha kikao cha ukoo. Akasema gari si mti wa kuachwa uani uote. Nikifeli mtihani huu wa tatu, Jumamosi yake anakuja kulichukua akaliuze. Wote wakaitikia. Nikainuka kukusanya vikombe, maana ningefungua mdomo ningetukana. Lile gari, ukiinama vizuri, chini ya harufu ya kuku bado lilikuwa na harufu ya mume wangu. Sikutaka liondoke, basi.

Mtihani ulipangwa Ijumaa, na Mwalimu Breki hayupo. Binti yao anaishi nchi ya mbali sana upande wa macheo, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na wote wawili walikwenda kumwona mjukuu. Dada alibaki kumlea mzazi. Shemeji akarudi peke yake mapema, akapanda ndege mbili na kukesha kwenye viwanja vya watu, kwa ajili ya mtihani wangu tu. Hakuniambia hilo. Niliambiwa na dada kwenye simu, na nikajisikia vibaya kuliko nilivyojisikia nilipogonga pipa.

Binti alimpa maagizo kabla hajaondoka. Ukifika, baba, badilisha saa yako hapohapo. Asubuhi kaa juani. Kunywa maji. Usilale mchana hata macho yakifunga yenyewe, na siku za kwanza usikae karibu na usukani. Akaitikia yote, naam, naam, kama mtu anayesomewa masharti ya benki. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tatizo lilikuwa saa yake ya mkononi. Kule wako mbele yetu kwa saa sita kamili. Sasa fikiri mwenyewe. Huku kwetu mshale ukiwa kwenye saba asubuhi, sisi tunasema saa moja. Mshale una lake na mdomo una lake, tumezoea hivyo tangu utotoni na hatugombani. Lakini saa ya shemeji ilikuwa bado na majira ya kule, kwa hiyo mshale wake ulikuwa umesimama palepale tunapopataja kwa mdomo. Alipotoka uwanja wa ndege akamuuliza dereva wa teksi ni saa ngapi. Akaambiwa saa mbili. Akatazama mkononi, akaona mbili. Njia nzima akawa anacheka peke yake.

Nilipomfuata nyumbani kwake kumpa pole ya safari, alinionyesha ule mkono kama wakili anayeonyesha kielelezo.

"Tazama mwenyewe, shemeji. Saa yangu inasema tatu, na ninyi nyote mnasema tatu. Sasa huo uchovu wa kupishana majira utaniingilia wapi?"

Nilijua kuna mahali ananizungusha, lakini sikupaona. Kweli ilisema tatu. Akatangaza kwamba haibadilishi tena maisha yake yote, kwa kuwa ndiyo saa ya kwanza kukutana nayo inayozungumza lugha yetu.

Saa ikawa sawa, mwili ukabaki kule kwa mjukuu. Majirani walianza kulalamika kwamba mzee anafagia uwanja wakati ambao hata majogoo wamelala. Mchana ukifika anaanza kuyumba. Alisinzia kwenye kibanda cha kinyozi, na kila kinyozi alipouliza kama apunguze zaidi, kichwa kikawa kinaitikia, basi akatoka amenyolewa mtindo wa vijana, na mstari umechorwa ubavuni. Jirani mmoja akasema ni malaria. Mwingine akasema ni upweke, mwanaume akizoea mke asipikiwe siku mbili huwa hivyo. Yeye akasema ni mzima, na asiyeamini aangalie saa.

Dada akanipigia simu. Akasema nimwangalie mumewe, nisimwache aendeshe gari katika hali ile. Nikamwambia haendeshi yeye, naendesha mimi. Dada akasema basi nimwangalie mara mbili.

Kipindi changu cha mwisho kilikuwa saa kumi jioni, kwa sababu asubuhi huwa niko kwenye tanuri. Saa kumi kwetu ni usiku mkubwa kwa mtu aliyetoka kule. Mwalimu Breki akaja na mstari wake ubavuni mwa kichwa, akafunga mkanda, akaweka mguu juu ya breki yake, akanikumbusha sheria yake kuu ambayo kila mwanafunzi wake ataikumbuka mpaka kaburini: hukati kona bila neno langu. Nikisema kulia, kulia. Nikisema kushoto, kushoto. Nisiposema kitu, mbele tu.

Nikawasha. Tukatoka getini, tukapita stendi, tukapita soko. Hakusema kitu, nami nikaenda mbele. Kwenye kona ya gereji, ambako siku zote hukata kulia kurudi chuoni, nikasubiri neno. Kimya. Nikaenda mbele. Nikadhani ananipima, maana mtihani ulikuwa umekaribia na yeye ana vituko vyake. Tukapita kiwanda cha matofali. Nyumba zikaanza kupungua. Mbele kukatokea tuta, nami nikakaa nikilisubiri gari lipunguze mwendo.

Halikupunguza. Tuliruka lile tuta, jamani, vichwa vikagusa paa, na boksi la tishu likahama kutoka mbele kwenda nyuma. Hapo ndipo nikageuza shingo. Mzee alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, shavu kwenye kioo. Na ule mguu, ule mguu maarufu, ulikuwa umekunjwa chini ya kiti kama wa mtoto.

Mtu mwenye akili angesimama na kumwamsha. Najua. Lakini yule ni shemeji yangu, mkubwa kwangu, amekesha angani kwa ajili yangu, na kumwamsha ilikuwa sawa na kumwambia mbele ya uso wake kwamba amelala kazini. Isitoshe hakuwa amesema kona. Basi nikaendelea mbele, nimeshika usukani kana kwamba utakimbia, huku jasho likinitoka mpaka kwenye nyayo. Tuta la pili nikalikanyagia breki mwenyewe, kwa nguvu mno, gari likapiga magoti. La tatu nikalivuka kidogo kidogo. La nne likapita kama keki inayotolewa kwenye tanuri na mtu anayejua kazi yake, na nikajikuta nimesema ahaa, kwa sauti.

Kwenye mizani ya malori askari wa barabarani akanipungia mkono. Nikasimama, tena pembeni kabisa, na indiketa nikawasha. Akaja upande wa mwalimu, akainama, akatazama. Akatazama bango la mwanafunzi juu ya paa. Akanitazama mimi.

"Huyu mwalimu amelala?"

"Anasikiliza injini," nikamnong'oneza.

Mzee akakoroma. Askari akaondoa kofia, akainama zaidi akimchungulia miguuni, na nikaona uso wake unabadilika. Akaniambia kwamba hata yeye alifundishwa na Mwalimu Breki, na kwamba miezi mitatu baada ya kupata leseni alikuwa bado anashangaa kwa nini magari mengine hayasimami yenyewe. Alikuwa akiongea kwa kunong'ona sasa, wote wawili tunanong'ona kama tuko chumba cha mtoto mchanga. Akauliza tumetoka wapi. Nilipomwambia akaguna, akasema ametoka na gari hili mbali hivyo akiwa amelala? Nikasema ndiyo. Akauliza nani alikuwa anashika breki. Swali lile lilinigonga. Nikasema, ni mimi.

"Basi kageuze kwenye mzunguko ule pale, umrudishe nyumbani," akasema. "Polepole. Usimwamshe, maana tangu nimfahamu sijawahi kumwona amepumzika."

Geuza. Maana yake kata kona, tena mzunguko mzima, malori kulia na malori kushoto, na bila neno lake. Nilikaa pale na injini inanguruma, nikamtazama mzee, nikamwomba kimoyomoyo aseme neno moja tu. Akasogeza shavu. Basi lisilo budi hutendwa, nikajisemea mwenyewe, kwa sauti yake ileile ya puani: kioo, indiketa, klachi, haya taratibu, usishindane na mwenye matairi mengi. Nikaingia. Nikatoka. Nilizunguka mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu nilipitiliza njia yangu, na sioni aibu kusema.

Kurudi nilifungua kioo. Upepo ukaingia. Nikaanza hata kuimba, chinichini.

Uwanja wa chuo ulikuwa mtupu, na mapipa yale yako palepale yakinitazama. Ningeweza kuliacha gari popote. Sikutaka. Nikaweka gia ya nyuma, nikageuza shingo, nikarudi nyuma katikati ya mapipa, na lilipofika mahali pake nikalisimamisha mimi, kwa mguu wangu mimi. Nikazima injini. Ukimya ule ndio uliomwamsha.

Akakaa wima, akafuta mdomo, akatazama saa yake, akatazama mapipa. Akakohoa.

"Kona ya mwisho uliikata mapema kidogo," akasema.

Nikasema nimesikia, mwalimu. Ningeiacha iishie hapo, wallahi. Lakini macho yake yalifika kwenye mshale wa mafuta. Tanki lililokuwa limejaa lilikuwa limepungua robo nzima. Halafu akatazama chini, akauona mguu wake uko chini ya kiti, akauvuta taratibu kama mtu anayeokota kitu cha mwenyewe kilichoanguka mbele za watu.

"Nimelala," akasema. "Nimelala ndani ya gari, na mwanafunzi kwenye usukani. Ungekufa, shemeji. Ningemwambia nini dada yako?"

Nilimwonea huruma, na palepale hasira ikanipanda, maana nilikuwa nimebeba kitu kutoka kwenye ule mzunguko na sikutaka akizime kwa majonzi yake. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia, shemeji, miezi yote hii unanifundisha, leo ndiyo mara ya kwanza nimeendesha. Nikamhadithia matuta, askari, malori, mpaka ule wimbo. Mwishoni akauliza kitu kimoja tu: pipa uliligusa? Nikasema ashuke akaangalie. Akashuka, akazunguka gari lote, akainama, akapitisha kiganja kati ya bampa na pipa. Kiganja kikapita.

Hapohapo akavua saa, akaigeuza mishale ikarudi kusema uongo wake wa siku zote. Kesho yake majirani walimkuta asubuhi amekaa juani katikati ya uwanja, na jagi la maji, amevimba kwa hasira kama kuku aliyenyeshewa, na mchana alitembea kuzunguka nyumba ili asilale. Kila aliyempita alimpa pole ya malaria.

Ijumaa mtahini alikuwa mama mmoja mkavu, asiyecheka wala kununa. Mwalimu Breki hakuruhusiwa kuingia uwanjani, akasimama nje ya uzio. Kila nilipopita nilimwona, amefumba mkono mmoja, na mguu wake wa kulia unakanyaga vumbi. Kwenye mapipa nilimwona anakanyaga kwa nguvu zote. Nikasubiri kidogo, gari likarudi pale nilipotaka, ndipo nikakanyaga mimi. Mtahini akaandika, akang'oa karatasi, akaniambia nikapige picha ya leseni. Niliposhuka nilimkumbatia, masikini, na hakujua aweke wapi kalamu yake. Pale nje ya uzio palikuwa na shimo unamoweza kupanda mgomba.

Jumamosi kaka wa marehemu alikuja na suti yake, na kamba ya kuvutia gari. Nilimkaribisha, nikamtoa kuku kwenye kiti cha nyuma, nikamketisha yeye, nikawasha injini ambayo fundi alikuwa ameiamsha jana yake, nikamrudisha kwake na kamba yake mapajani. Alikohoa njia nzima lakini hakusema kitu, na aliposhuka alikuwa na manyoya mgongoni, ambayo sikuona sababu ya kumwambia.

Siku hizi keki zangu zinafika na ghorofa zake zote. Habari za kipindi kile zilisambaa, nadhani ni yule askari, na wanafunzi wakaanza kugombania saa kumi jioni, wakimwomba mwalimu afumbe macho kidogo tu. Anawafukuza. Ila wanasema mguu sasa anauweka kando ya pedali, si juu yake, ingawa unatetemeka.

Dada alirudi baada ya miezi, mtoto ameshaanza kukaa. Tulikwenda kumpokea kwa gari langu, mimi na shemeji. Kwenda, alikanyaga zulia la mbele mpaka nikamwambia nitamtoza jingine. Kurudi, dada alikaa nyuma na masanduku, akaanza kutusimulia mjukuu anavyocheka, na kabla hajafika mwisho wa cheko akawa amelala. Ni haki yake, katoka mbali, mwili bado uko kule. Nikasema nimwambie shemeji amfunike na kanga, nikageuka upande wake.

Naye alikuwa amelala. Mdomo wazi, shavu kwenye kioo, mguu umekunjwa chini ya kiti. Yule hakuwa amepanda ndege yoyote.

Nilipunguza mwendo. Tuta nikalivuka kidogo kidogo. Nilipofika kwenye kona ya kwao sikukata, nikaenda mbele.